Nywele Zilizo Kwenye Mpito

Mwandishi wa ripoti alikuwa na wanawake sitini kwenye orodha yake. Walipewa mafuta mapya ya nywele, wakajipaka wiki tatu, kisha yeye akapita nyumba hadi nyumba na dodoso lake. Arobaini na mmoja walimwambia neno lilelile: zinanyonyoka. Mmoja alimfungulia mlango akiwa na kitana mkononi, kimejaa nywele. "Dada, andika unavyoona."

Akaandika. Meneja wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Fursa kwa kuwa kwake hata nyumba ikiungua ni fursa ya kuota moto, aliisoma ripoti akashika kichwa.

"Unatutakia njaa? Zinanyonyoka ndiyo nini? Andika nywele ziko kwenye mpito."

"Na waliolia, bosi?"

"Walishiriki kwa hisia."

"Na yule aliyemwaga chooni?"

"Amebuni matumizi mbadala."

Ripoti ikarudishwa mara nne. Kila iliporudi ilikuwa imenenepa maneno na kukonda ukweli. Mume wa mwandishi hakuwa na kazi tangu mwaka jana, na mkono mtupu haulambwi. Basi akafuta, akaandika, akafuta.

Siku ya kuwasilisha, mwenye kiwanda cha mafuta hayo, aliyeilipa kampuni yao ifanye utafiti, alikuja mwenyewe, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza Bwana Fursa mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwandishi.

"Mwanangu, hayo yote yamenipita. Kesho mitambo inaanza kutoa chupa elfu ishirini. Niwashe, nisiwashe?"

Bwana Fursa akakohoa.

"Mama, kuna mwelekeo wa... yaani mtumiaji yuko kwenye..." mwandishi akaanza. Maneno ya kawaida yalikuwa yamemkimbia.

"Niwashe?"

"Usiwashe, mama! Zinanyonyoka. Watu wanabaki na vipara."

Yule mama akavua miwani. "Kumbe mnajua kusema," akasema. Akapiga simu kiwandani wasimamishe kila kitu, akachukua mkoba wake, na kampuni ile hakuikanyaga tena.

Kabla ya saa sita mwandishi alikabidhiwa barua: kampuni imempa uhuru wa kukua nje ya mipaka yake. Alimsomea mumewe kwenye simu.

"Wamekupandisha cheo?" mume akashangilia.

Alikata simu. Akakaa kwenye ngazi za jengo, akatoa orodha yake, akaanza kupiga namba moja moja. "Dada, yale mafuta usiyaguse tena." Wengine walikwisha kuyatupa, wengine walimtukana, naye akaitikia, "Ni haki yako, dada," akapiga inayofuata. Machozi yalikuwa yakilowesha karatasi.

Namba ya hamsini na mbili ikapokewa.

"Mimi niliacha zamani," sauti ikasema polepole. "Lakini chupa nilimpa binti yangu, yuko bweni. Simu hawaruhusiwi."

"Shule gani?" akauliza mwandishi, ameshasimama, anapekua mkoba kutafuta nauli.