Miguu Nyuma ya Pazia la Sinema

Tangazo lilibandikwa kwenye kioo cha duka la nyama pale Auburn, mjini Sydney, na Bi Suhaila ndiye aliyeliona. Alisimama mbele yake na mfuko wa maini mkononi, akakataa kuondoka. Lilikuwa na picha ya rangi iliyopauka: msichana aliyevaa sare ya mhudumu wa hoteli, yuko katikati ya ngazi pana, mguu mmoja hewani.

“Verdiane, mwanangu, nisomee hayo maandishi ya chini. Miwani nimeiacha nyumbani.”

Verdiane alikuwa mwanamke wa Kirundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Alikuwa akija kwa Bi Suhaila mara tatu kwa wiki tangu bibi huyo afanyiwe upasuaji wa goti. Alimsaidia kuoga, kupika na kutoka nje kidogo. Akainama, akasoma. Jumapili saa nane mchana, katika ukumbi wa zamani huko Guildford, ingeonyeshwa sinema ya nyimbo na dansi ya enzi za studio kubwa za Marekani, tena kwa mkanda wenyewe, si kwa kompyuta.

“Ni hii,” Bi Suhaila akasema, na sauti yake ikabadilika. “Wallahi ni hii. Ni Ya Ngazi.”

“Hapa wameandika jina lingine.”

“Wao na waandike wapendavyo. Sisi Tanga tuliiita Ya Ngazi.”

Siku zote tatu zilizofuata hakuzungumza jambo lingine. Alimsimulia Verdiane, ana kwa ana au kwa simu, mara moja na nusu kila siku: jinsi alivyokuwa msichana wa miaka kumi, na jinsi kila Jumapili alasiri sinema ya mjini ilivyokuwa na onyesho la wanawake peke yao. Mama yake ndiye aliyesimama mlangoni kukata tiketi, kwa hiyo Suhaila aliingia bure. Ndani mabuibui yalivuliwa, karanga zikamenywa, watoto wachanga wakanyonyeshwa, na wanawake wakawa wanawajibu wachezaji wa kwenye picha kana kwamba ni majirani. Ya Ngazi ilikwama Tanga kwa sababu gari la kuipeleka mji mwingine liliharibika, na yeye akaitazama mara kumi na moja.

“Kizungu tulikuwa hatukijui,” alisema. “Lakini miguu tuliielewa. Tukirudi nyumbani, mimi na binti za ami yangu tunavaa mitalawanda, vile viatu vya mti vya kuingilia chooni, tunapanda kwenye saruji ya uani, tunaanza. Ka-ta-ka, ka-ta-ka, ta. Mpaka jirani agonge ukuta.”

Verdiane hakuwahi kuona sinema ya aina hiyo. Alifikiri ni jambo la kumfurahisha mzee mchana mmoja, basi. Hata hivyo Jumapili alifika mapema, akiwa amevaa kitenge kipya, akamkuta Bi Suhaila ameshakaa kitini karibu na mlango, amejifunga mtandio wa hariri ya kijani, mkoba mapajani.

Ukumbi ulikuwa na sakafu ya mbao na jukwaa la futi tatu mbele. Watu kama themanini walikuwa wameshaketi, wengi wao wazee wa Kiaustralia, baadhi wamevaa kofia na glavu za zamani ili wafanane na enzi zenyewe. Mwenye mkanda alikuwa Jepchumba, mwanamke wa Eldoret mwenye miaka hamsini na kitu. Siku za kazi alikuwa fundi wa lifti. Siku zake za mapumziko alikusanya mikanda ya sinema ambayo watu walitaka kuitupa. Alipowasikia wawili hawa wakiongea Kiswahili aliwajia moja kwa moja.

“Karibuni sana. Mmetoka wapi?”

“Mimi Tanga, huyu mwenzangu Bujumbura,” Bi Suhaila akajibu. “Na hii picha yako nimeiona mara kumi na moja.”

Jepchumba akacheka. “Basi wewe ndiye unafaa kunieleza. Mimi sijaimaliza hata mara moja. Niliinunua kwa familia ya mzee mmoja aliyekufa, nikaangalia mikanda miwili ya kwanza kati ya mitano, nikaona iko sawa.”

Kwanza wakapanda jukwaani mabibi saba wa kikundi cha dansi cha hapo Guildford. Walivaa viatu vyenye vipande vya chuma kwenye soli, wakacheza kwa dakika tano hivi, jukwaa likalia kama mvua juu ya bati. Bi Suhaila alimshika Verdiane mkono, asiuachie. Kisha Jepchumba akasimama kuwaeleza watu habari ya sinema yenyewe. Akasema kwamba katika studio zile sauti ya miguu aghalabu haikunaswa siku ya kupiga picha. Mchezaji alirudi baadaye katika chumba kitupu, akaitazama picha yake mwenyewe ukutani, akazipiga hatua zilezile upya mbele ya kipaza sauti.

“Umesikia?” Bi Suhaila akanong’ona. “Kumbe naye alikuwa akijiiga.”

Taa zikazimwa. Projekta ikaanza kunguruma nyuma yao, na rangi zikamwagika kwenye kitambaa cheupe: nyekundu ya mazulia ya hoteli, bluu ya sare, dhahabu ya vishikio vya ngazi. Verdiane alikuwa amejiandaa kusinzia. Badala yake alijikuta ameegemea mbele. Msichana wa hoteli alikuwa anaimba huku akibeba masanduku sita, na Bi Suhaila kando yake alikuwa anaimba naye, kwa maneno yasiyokuwa ya lugha yoyote, sauti tupu alizozikariri udogoni. Mzee aliyeketi mbele yao aligeuka. Verdiane akadhani atawanyamazisha. Mzee akatabasamu, akageukia picha, akaanza kuimba na yeye.

Mkanda wa nne ulipoanza, msichana alitokea peke yake chini ya zile ngazi pana. Ilikuwa usiku ndani ya sinema, na hoteli imelala. Akaweka chini sanduku la mwisho. Akainua mguu.

Sauti ikakatika.

Si kelele wala mkwaruzo. Kimya tu. Picha iliendelea, msichana akipiga miguu yake bila mlio wowote, mpaka Jepchumba alipozima projekta na kuwasha taa. Alichukua muda kuukagua mkanda kwa kioo cha kukuzia, kisha akaja mbele, uso umemshuka.

“Ndugu zangu, samahani,” akawaambia watu kwa Kiingereza. “Mstari wa sauti umeliwa na unyevu. Kuanzia hapo mkanda huu hauna kitu. Wa tano uko salama. Naweza kuonyesha huu bila sauti, au tuuruke.”

Manung’uniko yakapita ukumbini. Watu wawili watatu walianza kutafuta makoti. Kuiruka ngoma ya ngazi ilikuwa sawa na kuiruka sinema nzima. Hiyo ndiyo waliyoijia. Bi Suhaila alikuwa ameshasimama.

“Mama, unaenda wapi? Choo iko huku,” Verdiane akasema.

“Siendi chooni.” Akamwita Jepchumba kwa mkono, na alipofika akamwambia, “Usiuruke. Ngoma ile ninayo.”

“Unayo vipi, Mama?”

“Miguuni. Nipe viatu vya wale mabibi na mahali pa kusimama. Lakini mbele ya wanaume sichezi. Nitasimama nyuma ya hilo pazia la picha. Wao waione picha, mimi wanisikie tu.”

Verdiane aliingiwa na hofu. “Goti lako, Mama. Daktari alisema miezi sita hakuna kuruka, na sasa ni mitano. Sumeiya ataniuliza mimi.” Sumeiya alikuwa binti yake Bi Suhaila, na siku hiyo alikuwa kazini.

“Nani kasema nitaruka? Yule msichana haruki. Anapiga chini, anapanda. Wewe utasimama mbele yangu, nikushike mabega. Nikichoka nitakuegemea.”

Jepchumba alimtazama bibi huyo, akatazama watu waliokuwa wakivaa makoti. “Mama, una hakika? Ni dakika nne na nusu.”

“Dakika nne na nusu nazijua. Harakisha, watu wanaondoka.”

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Jepchumba alitangaza, na waliosimama wakakaa. Mabibi saba wakakusanyika pamoja na viatu vyao. Vya kwanza vilibana, vya pili vilipwaya, vya tatu, vyekundu, vya mwalimu wao mwenyewe, vikamkaa sawasawa. Verdiane akapiga magoti akamfunga kamba. Mwalimu wa dansi akaburuta ubao mzito mpaka nyuma ya pazia, akaweka pembeni yake kreti la mbao lililopinduliwa, liwe ngazi. Mikono ya Bi Suhaila ilikuwa mikavu na mitulivu.

Kule nyuma kulikuwa na vumbi na viti vilivyovunjika. Taa zikazimwa, projekta ikanguruma, na picha ikatokea kwenye kitambaa upande wao, hafifu kidogo, lakini kubwa kiasi kwamba viatu vya msichana vilikuwa na ukubwa wa meza. Hapo Bi Suhaila akashtuka.

“Kageuka,” akasema. “Ngazi ziko upande mwingine.”

Ilikuwa kweli. Kwa kuitazama picha kutoka nyuma, kila kitu kilikuwa kimebadili upande. Mguu wa kulia ulikuwa wa kushoto. Msichana akaweka sanduku chini. Verdiane alihisi vidole vya bibi vikimkaza mabegani.

“Tuache?”

“Ngoja.” Bi Suhaila alikuwa ananong’ona haraka haraka. “Mlio hauna kulia wala kushoto. Sitazami mguu gani. Natazama lini.”

Msichana akainua mguu, na Bi Suhaila akapiga.

Pigo la kwanza lilichelewa kidogo tu. La pili likaangukia palepale. Ka-ta-ka, ka-ta-ka, ta. Upande wa pili wa pazia watu themanini wakashusha pumzi kwa pamoja. Verdiane alikuwa anautazama uso wa Bi Suhaila uliowashwa na mwanga wa picha, mwekundu, halafu bluu. Bibi hakuwa akitabasamu. Alikuwa amekaza macho kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Miguu yake haikuinuka hata inchi mbili kutoka kwenye ubao, lakini kila msichana alipogusa sakafu, ubao ulilia.

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Muziki nao ulikuwa umepotea, na mahali fulani ukumbini mtu akaanza kuuvumisha wimbo kwa pua. Labda ni yule mzee wa mbele. Mwingine akadakia. Muda mfupi baadaye ukumbi mzima ulikuwa unavuma, chini chini, wakimfuata yeye, wakimpa nafasi. Bi Suhaila aliposikia hivyo alivuta pumzi, akaliachia bega moja la Verdiane.

“Anapanda,” akasema. “Nisogeze.”

Wakasogea pamoja mpaka kwenye kreti. Mlio ukabadilika, ukawa mwembamba, kama mtu kweli anayepanda ngazi. Msichana alipanda tatu, akashuka mbili, akapanda tano. Bi Suhaila alipanda na kushuka kreti lake lilelile. Jasho lilimtiririka hadi shingoni. Katikati mguu mmoja uliteleza, pigo moja likapotea, na Verdiane akamdaka kiunoni. Lakini mguu wa pili ulikuwa umeshalipata pigo lililofuata. Verdiane hakujua ni wakati gani yeye mwenyewe alianza kukanyaga kwa viatu vyake vya raba, akiweka wakati.

Msichana akafika juu. Akageuka, akawatazama watu wote, akapiga mapigo saba ya mwisho, na Bi Suhaila akampa yote saba.

Makofi yalianza kabla picha haijaisha. Verdiane aliona kivuli cha watu wakisimama, safu kwa safu, kupitia kwenye kitambaa. Bi Suhaila alikaa juu ya kreti, mkono kifuani, akihema.

“Mama, uko sawa? Unaumwa?”

“Goti linaniuma,” akasema. “Linauma vibaya. Nipe maji. Umeona lakini? Umeona, Verdiane? Tangu mwaka wa sitini na tano, na yote bado yamo.” Kisha akalia kidogo, akajifuta kwa pembe ya mtandio, akataka arudishwe kitini haraka kwa sababu mkanda wa tano ulikuwa unaanza na hakutaka kuukosa.

Goti lilivimba siku nne. Sumeiya alikasirika kwa muda usiozidi dakika kumi. Halafu Jepchumba alimtumia video aliyoipiga mmoja wa wale mabibi, ambayo haikuonyesha kitu ila picha ya msichana na mlio wa miguu, na Sumeiya aliisikiliza jikoni mara tatu akiwa bado na sare ya kazi. Daktari alimpima mama yake, akasema kilichovimba kitashuka, na akauliza kama anaweza kuiona hiyo video.

Mwezi uliofuata Jepchumba alikodi chumba cha kurekodia huko Cabramatta kwa asubuhi moja, ili mkanda wa nne upate sauti mpya. Bi Suhaila aliingia na viatu vyekundu, ambavyo mwalimu wa dansi alikataa kuvichukua tena, akaitazama picha ukutani, safari hii kutoka upande wa mbele, na kupiga miguu yote ya mkanda wa nne mbele ya kipaza sauti. Alipiga mara mbili kwa sababu ya lile pigo moja lililompotea. Ya pili ikawa safi.

Alhamisi asubuhi sasa Verdiane humpeleka Guildford kwenye kikundi cha mabibi. Mwanzoni alikuwa akimsubiri garini. Wiki ya tatu aliulizwa anavaa saizi gani ya kiatu. Bado anachanganya miguu, na Bi Suhaila, aliyeketi pembeni na kutoruhusiwa kusimama zaidi ya robo saa, humhesabia kwa sauti.

“Sikiliza kwanza, mwanangu. Halafu ndiyo upige.”

Verdiane husikiliza, hukosea, hucheka, huanza upya.