Mahari ya Mijohoro

Kwizera alipokwenda kumposa Priscila hakuwa na chochote ila mkasi wa kunyolea nywele na turubai alilogawiwa kambini. Wote wawili walikuwa wamekimbia vita Burundi wakavuka mpaka kuingia Ngara, na kufikia wakati huo kambi ilikuwa imeshakuwa mji. Ilikuwa na mitaa, soko, mafundi cherehani, makanisa, na vilabu vya rubisi, ile pombe ya ndizi. Kitu ambacho mji huo haukuwa nacho ni mti. Watu walipofika walikata kila kilichosimama, wakajengea na kupikia, na sasa mlima mzima ulikuwa mwekundu. Upepo ukivuma, vumbi liliingia hadi kwenye uji.

Mzee Ndizeye, baba yake Priscila, alimsikiliza kijana mpaka mwisho.

"Kwetu binti huposwa kwa ng'ombe," alisema. "Unaye?"

"Sina, baba."

"Hata ungekuwa naye, hapa angekula nini? Angekula turubai langu."

Wajomba wa Priscila waliokaa kando waliangua kicheko. Kwizera hakujua kama acheke au ainamishe kichwa.

"Basi sikiliza," mzee akaendelea. "Njia ya kutoka bombani mpaka zahanati unaijua. Akina mama wajawazito wanasimama pale juani mpaka wanazimia. Nipandie miti njia nzima, pande zote mbili, maadamu mvua bado ipo. Ikivuka kiangazi, utamchukua mwanangu kwa ngoma."

Mjomba mmoja akaguna. "Ndizeye, sisi ni wapita njia. Kesho tukirudi kwetu, kivuli hicho atakikalia nani?"

"Jua halijawahi kuniuliza kama mimi ni mpita njia," mzee akajibu, na neno likaishia hapo.

Miche ilipatikana Kirushya, kijiji cha jirani, kwa mama mmoja aliyeitwa Adelfina, aliyekuwa na kitalu nyuma ya migomba yake. Alimpokea Kwizera akiwa ameshika jembe.

"Mmeshakata mijohoro yangu ya mpakani mwa shamba. Sasa mmeifuata na ya kitaluni?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nijibu nilichokuuliza."

Kwizera akaeleza yote, posa, ng'ombe na turubai. Alieleza kwa Kirundi, mama akamsikia vizuri kwa Kihangaza chake, maana lugha hizo ni ndugu. Alipofika pale pa ng'ombe kula turubai, Adelfina alicheka mpaka akaegemea mpini wa jembe.

"Binti mwenyewe anakutaka?"

"Ananitaka, mama."

"Basi nipalilie maharage haya, halafu uchukue miche. Na harusini nitakuja, usidhani nitasahau."

Kwizera akapalilia, akabeba miche, akapanda. Watu wakamwita Mkwe wa Mijohoro. Mbuzi walipoanza kuionja, akazungushia kila mche miiba. Kisha kiangazi kikaingia. Bomba likawa linatoa maji kwa kudondosha, na majani yakaanza kujikunja. Kwizera alishuka bondeni na dumu begani kila asubuhi kabla ya kufungua kazi yake ya kunyoa, akawa anasinzia huku ameshika kichwa cha mteja.

Priscila alipoona hivyo alikwenda kusimama mbele ya foleni ya maji.

"Jamani, mnataka kucheza harusi au hamtaki?"

"Tunataka!" wanawake wakajibu.

"Basi maji ya kunawia uso msiyamwage mlangoni. Kila mtu achague mti wake, aunyweshe."

Walicheka, lakini walifanya. Muda si mrefu kila mti ulikuwa na mwenyewe, na mbuzi aliyethubutu kusogea alipigiwa kelele na foleni nzima.

Asubuhi moja lori la maji lilikwepa shimo, likapanda ukingoni, likalaza miche yote ya upande wa zahanati. Kwizera aliikuta imekandamizwa kwenye vumbi. Akakaa chini palepale, mikono juu ya magoti.

Mzee Ndizeye ndiye aliyemkuta.

"Nimeshindwa, baba."

"Gari ndilo limeshindwa njia, si wewe. Inuka ushike hapa." Akavua koti, akaanza kuchimba mwenyewe.

Habari zikafika Kirushya. Siku iliyofuata Adelfina aliingia kambini na wanawake wenzake, vikapu vya miche kichwani, wakiimba kama watu waendao kutazama mtoto mchanga. Mzee Ndizeye alimpokea kwa mikono miwili, kisha akasita.

"Mama, ile mijohoro yako iliyokatwa... huenda nyumba yangu imesimama kwa nguzo zake."

Adelfina akatua kikapu chake. "Basi isimame vizuri," alisema. "Nyumba ikianguka nitakuwa nimepoteza mara mbili."

Wakapanda pamoja, wenyeji na wakimbizi, na vijana wakapanga mawe makubwa kando ya njia. Dereva wa lori, kwa aibu, akawa kila akimaliza kujaza tangi anabakiza maji kidogo kwa ajili ya miche.

Mvua za kwanza ziliporudi, mzee alipita njia yote kwa mguu, akigusa majani, umati ukimfuata nyuma. Mahali fulani akasimama mbele ya kijiti kikavu.

"Huu umekufa," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Hata ng'ombe wa mahari, wako wanaofia njiani." Akageuka kuutazama umati. "Pigeni ngoma!"

Zikapigwa. Priscila akatoka kwa mama yake akiwa amevaa kitenge cha kuazima na tabasamu lisiloazimwa popote. Bibi na bwana harusi walipita katikati ya miti ambayo mirefu yake ilifika kiunoni, na wajawazito wa foleni ya zahanati wakawapigia vigelegele. Mvua ikaanza kunyesha. Hakuna aliyekimbilia ndani. Adelfina akavua viatu vyake vya kanisani, akavikabidhi kwa mjomba yule aliyeguna, akaingia katikati ya wachezaji, matope yakiruka mpaka magotini.