Bafu Lililochipua

Siku Selestini alipopanda lori la Nachingwea kwenda kulima karanga za Wazungu, mkewe Anastasia alirudi Makote na mtoto wao Vitalis mgongoni, akakuta bafu lao bado halina ua. Mumewe aliahidi kulizungushia kabla hajaondoka. Ndivyo alivyokuwa Selestini, ahadi zake zilizidi siku zake.

Walikuwa wageni. Walivuka Ruvuma wakiikimbia pamba ya shuruti ya Mreno, wakapokewa na Mzee Mahmudu, mwenye ardhi. Aliwapa mahali pa kulima mihogo na mtama kwa sharti wanalolijua wageni wote wa kule juu mlimani: wasipande mti. Mihogo huliwa ikaisha, lakini mti hubaki, na aliyeupanda amejifanya mwenyeji. Anayevunja sharti hufunga mizigo. Na Anastasia akifunga mizigo, Selestini atarudi amkute wapi?

Anastasia akaomba msaada wa ua kwa Esha, dada yake Mahmudu, aliyezoea kushuka naye bondeni kuteka maji. Esha akamtuma mwanawe Alfani, kijana mwenye nguvu na haraka zake. Alfani hakwenda mbali kutafuta miti mikavu. Alikata mibono kaburi mibichi iliyokuwa jirani, akaichimbia, akaikaza kwa kamba za magome, akawahi ngoma.

Mvua zikaja. Asubuhi moja Anastasia aliingia kuoga akakuta ua umetoa majani. Muda si muda bafu likawa kichaka. Wapita njia wakacheka, na kicheko kikafika kwa Mahmudu, naye akaja na bakora yake. Anastasia akapiga goti kumpa shikamoo. Mzee akaitika marahaba, macho yakiwa kwenye majani.

"Mama Vitalis, tulisemaje juu ya miti?"

 Moyoni Anastasia alikwisha anza kuwaza atakibebaje kinu. Esha, aliyekuwa akitua mtungi wake, ndiye aliyejibu.

"Kaka, aliyepanda ni Alfani. Hebu niambie, ukifa leo shamba hili la nani?"

"La mpwa wangu, ndiyo mila yetu. La Alfani."

"Basi ng'oa miti ya mrithi wako, watu wakuone."

Mahmudu akauzunguka ua polepole. Mwishowe akauliza kama Mama Vitalis huoga humo kila siku.

"Kila siku," Esha akasema. "Kwa maji anayopanda nayo mlima kichwani. Wewe miti ya ukoo umeimwagilia lini?"

Mzee akacheka hata akaushika ua asianguke, na ua haukutikisika. Akasema anayeitunza miti ya ukoo haitwi mgeni tena, ila majani yale hayaliwi. Kama ni kupanda, apande mikorosho.

Vigelegele vilisikika hadi njiapanda. Wanawake wakamvamia Anastasia kwa utani, wakamwambia bafu lake limemwoza kwa ukoo mzima.

Selestini hajarudi bado. Mashimo ya mikorosho yamekwisha chimbwa, na Alfani ataleta mbegu kesho.