Sauda Hakusema Neno

Nalala. Nalala mchana, juu ya mkeka wa ukumbini, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango wa chumba cha dada yangu Sauda, na ndani ya usingizi bado nawasikia ami zangu wakicheka na kugonganisha vikombe, kwa sababu mambo yamekwisha, ndoa ni baada ya alasiri, na aliyeyamaliza ni mimi. Baba hayupo tena, walii wa kumwoza ni mimi, ndimi niliyetumwa chumbani kumwuliza Sauda kama anamkubali Bwana Masudi. Sauda hakusema neno. Aliniangalia tu. Nikatoka nikasema, kanyamaza, na ami mkubwa akajipiga paja, mwali akinyamaza amekubali, alhamdulillahi. Hakuna aliyeniuliza uso wake ulikuwaje. Wangeniuliza ningesema midomo ilipanda pembeni, kwa kuwa macho ya watu mimi siyatazami, yananichoma. Daktari aliniambia nina usonji: wenzangu huuona uso mzima kwa mara moja, mimi ubongo wangu huuokota kipande kipande, na nikimaliza kuviunganisha mwenye uso keshaondoka. Ami wanasema ni kiburi tu. Mimi ni fundi cherehani, mashine ikikohoa najua ugonjwa wake kabla sijaifungua, lakini Sauda hakutoa sauti, na hilo ndilo linalonitafuna mpaka mlango unalegea nyuma yangu, naangukia ndani, na ndani si chumbani.

Ni barabara isiyo na mwisho, kila nyumba ina kioo ukutani, kila kioo kina uso wa Sauda, na wote wamenyamaza. Mbele yangu amesimama mtu asiye na uso, tangu paji hadi kidevu ni laini kama yai, na naona haya kusema, nafurahi. Kwa mara ya kwanza namtazama mtu bila kuungua. Namwuliza, Sauda wa kweli yuko wapi? Anasema, kitendawili. Nasema, tega. Anatega, changu mwenyewe, lakini mnakiona nyinyi kuliko mimi. Uso, nasema, hicho hata mtoto anakijua. Basi tegua na huu, anasema, na kunionyesha kioo cha kwanza. Midomo imepanda. Anacheka, nasema. Siyo, ameumwa jino, nipe mji. Mchezo ni mchezo, aliyeshindwa hutoa mji, nami nasema kama tulivyosema utotoni, chukua Tanga, na barabara yote inafutika, nyumba na vioo na nyuso, tunajikuta katika barabara nyingine ileile. Nyusi zimekunjana. Amekasirika? Siyo, jua linampiga, nipe mji. Chukua Pangani. Machozi. Ana huzuni? Siyo, anakata vitunguu. Chukua Korogwe, chukua Handeni, chukua, nimechoka, nyuso gani hizi, mdomo wasema hili na jicho lile! Uzi wa cherehani ukikatika umekatika, haujifanyi mzima. Yule mtu anasubiri nimalize hasira zangu. Kisha anasema, umebakiwa na mji mmoja. Upi? Anaokaa Sauda.

Naogopa sasa. Kimebaki kioo kimoja, na ndani yake ni Sauda wa leo, amekaa kitandani, midomo imepanda pembeni. Tazama juu, naambiwa. Natazama juu. Macho yake yananichoma, navumilia, nahesabu: maji, wekundu, kope zisizopepesa. Vipande vyote ninavyo na hakuna kinachoshikana na mwenzake. Nisaidie, namwambia. Mimi sina uso, anasema, nitajuaje? Lakini wewe fundi, nikuulize, mashine iliyonyamaza imepona au imekufa? Nasema, siwezi kujua, nitazungusha gurudumu tena mpaka itoe sauti. Hadai mji. Anakaa pembeni, ananipisha.

Kichwa kinagonga sakafu. Mlango uko wazi, na Sauda yupo kitandani, au ni kioo kingine, sijui, sina muda wa kujua. Nampa mgongo. Nautazama ukuta na kusema, Sauda, uso wako mimi sikuuona. Niambie kwa sauti. Naisikia pumzi yake, naisikia ikikwama, ikaenda, ikakwama tena. Kaka Twaha, anasema, nilikuwa nakuomba. Nilikuomba kwa macho mpaka yakaniuma. Wengine nisingewaambia, lakini wewe nilijua utanitetea, halafu ukatoka na nikasikia wanashangilia. Nilidhani umeona, kaka. Nilidhani umeona na umekataa. Simtaki.

Natoka ukumbini. Vikombe vimenyamaza. Ami zangu wanageuka wote kwa pamoja, na kati ya kofia na ndevu sioni kitu, laini tupu, na kwa mbali muadhini anaadhini alasiri, au amekwisha kuadhini zamani na mimi bado nimelala mlangoni na Sauda keshaolewa. Nawatazama wote, mmoja mmoja, palepale macho yanapokaa. Nasema kwa sauti, hataki.