Kikombe cha Bati cha Mama

Mama yangu alikuwa topasi. Alisafisha vyoo vya nyumba za watu miaka thelathini, kama mama yake kabla yake. Wenye nyumba hawakutaka aguse vyombo vyao, kwa hiyo alitembea na kikombe chake mwenyewe, cha bati. Utotoni nilikinywea mara moja. Nikala kofi, la pekee alilowahi kunipiga. Alisema kikombe hicho kisifike kamwe midomoni mwa wanawe.

Kikundi chetu cha maigizo hakitungi maneno. Tunarekodi watu kwa simu, halafu tunayasema jukwaani vilevile, na vikohozi vyao humo humo. Nilimrekodi mama, na mmoja wa wenye nyumba aliowafanyia kazi. Kipusa, mwenzetu kikundini aliyekulia katika nyumba zenye kuajiri matopasi, akapewa nafasi ya mama. Mimi, mtoto wa topasi, nikapewa ya mwenye nyumba. Mwongozaji alisema ndivyo tutakavyojifunza. Nilinuna wiki nzima, sikufichi.

Mazoezini Kipusa akalia. Nikampandishia sauti: kwenye simu mama halii. Anasimulia alivyokuwa akinywa chai amesimama juani, wenye nyumba wamekaa kivulini barazani, na anacheka. Kipusa aliiweka simu sikioni, akasikiliza weee, mwishowe akaja kuniomba nimfundishe kile kicheko. Hasira ikanipungua, nusu hivi.

Mimi nilikuwa na haja moja tu: mama aketi mstari wa mbele, kisha anywe chai pamoja na watu.

Kuketi, aliketi. Nikasema maneno ya mwenye nyumba kama yalivyorekodiwa: "Tulimpenda sana yule mama. Alikuwa kama mtu wa humu ndani." Kipusa akacheka kile kicheko, na mama naye akacheka kitini pake, wakawa wanacheka pamoja. Wengine wote ukumbini walitazama chini.

Baadaye chai ikaandaliwa, vikombe vyeupe vimejaa meza, watu wamezunguka. Mama hayupo. Nilimkuta mlango wa nyuma, amesimama, anapuliza chai kwenye kikombe chake cha bati, kile alichotuazima kwa ajili ya mchezo. Alikuwa amepanda jukwaani kukichukua.

Moyo uliniuma, jamani.

"Mama, vikombe vipo kule."

"Nimeviona, mwanangu. Nimezoea hiki. Watu wasije wakakosa raha."

Nilitaka kufoka, nikakosa wa kumfokea. Nikamnyang'anya kikombe, nikanywa. Mkono wake ukapanda. Nikafumba macho nikilisubiri lile kofi la utotoni, mtu mzima mimi. Halikuja. Nilipofumbua, mkono ule ulikuwa unanifuta chai kidevuni, taratibu.

"Sukari imetosha?" akauliza.

Ilikuwa imekolea kabisa. Nikamwambia bado.

Sukari ilikuwa mezani, kwa watu. Akanishika mkono, tukaenda kuongeza.