Maziwa ya Chupa ya Pili

Tangu Anita arudi kutoka hospitali alikopasuliwa tumbo, hakuna chakula kilichompendeza. Daktari alisema kidonda kinapona vizuri, ila asipokula nguvu hazitarudi. Wamae, mumewe, alipika uji, akapika supu ya kuku, akaponda viazi na majani ya malenge mpaka vikawa laini. Anita alionja kijiko cha kila kitu, akashukuru, akageukia ukuta.

Kisha asubuhi moja akasema, "Baba Nyawira, ningepata maziwa lala, ningekunywa."

Wamae hakungoja arudie. Alinunua maziwa kwa Moffat, jirani yao hapo Ruring'u, akayachemsha, akayaacha yapoe, akayagawa katika chupa mbili. Katika ya kwanza alitia kijiko cha maziwa ya mgando ya dukani. Katika ya pili alitia mabaki ya maziwa lala kutoka kibuyu cha Moffat, maana hakutaka kutegemea njia moja. Akazifunga pamoja kwa sweta yake na kuziweka karibu na jiko.

Kesho yake chupa ya kwanza ilikuwa na maziwa matupu, hayajaganda. Katika ya pili yalikuwa yameganda vizuri, mazito, meupe. Wamae alijaza kikombe, akakipeleka chumbani kwa mikono miwili.

"Imekubali," alisema. "Ile ingine imekataa kabisa, lakini hii, hebu ona."

Anita alikuwa ameshanyoosha mkono. Mkono ukasimama.

"Imekataa vipi? Si maziwa ni yale yale?"

"Yale yale, ya Moffat. Kunywa kwanza, maswali utauliza baadaye."

"Moffat amedunga ng'ombe sindano?"

Wamae hakujua. Alitoka mpaka kwenye ua wa miti, akaita. Moffat alikuja na ndoo yake.

"Ni ile dawa ya njano tu, mzee. Juzi. Alikuwa anachechemea. Mimi huwadunga hata wakikohoa kidogo."

"Na maziwa unauza?"

"Sasa nimwage? Si nyinyi mnachemsha?"

Akirudi, Wamae aliwaza kunyamaza. Lakini alipofika alisema yote, kama alivyoyasikia. Anita, aliyefundisha biolojia mpaka akastaafu, alijiinua kwenye mito bila kusaidiwa.

"Hiyo ni dawa ya kuua bakteria, na kuchemsha hakuimalizi," alisema. "Bakteria wa mgando wa dukani imewashinda. Wale wa kibuyu cha Moffat wameizoea."

"Wameizoea vipi, mwalimu?" Wamae alikaa kitandani, kikombe magotini.

"Bakteria ni kama kifuko kidogo. Ngozi yake ni utando mwembamba, na ndani ya utando kuna protini, zimekaa kama milango. Anakula sukari ya maziwa, anatengeneza asidi. Hiyo asidi ikimjaa, itamuua. Kwa hivyo kuna protini za kuisukuma nje. Na asidi hiyo ndiyo inayogandisha maziwa."

"Kumbe tunakunywa takataka yao!"

"Na umekunywa miaka yote ukisifu. Ngoja. Wengine wako na mlango mwingine, tuseme pampu. Dawa ikiingia, protini inaishika, inajikunja, inaitupa nje. Ikiingia tena, nje tena. Haipati nafasi ya kufanya kazi yake ndani."

"Kama mama yako na mimi, nilipokuja kukuposa."

Anita alicheka, kiganja juu ya kidonda. "Usinichekeshe, nitafumuka. Mama alichoka. Hizi pampu hazichoki."

"Sawa. Lakini dawa si imetupwa nje?"

"Nje ya bakteria, Baba Nyawira, siyo nje ya chupa. Iko hapo kwa kikombe. Na hao wenye pampu wanaweza kuwapa wengine walio tumboni mwangu ule ufundi wao. Kidonda kikiharibika, nataka dawa ya daktari iingie na ikae."

Wamae alikitazama kikombe. Tangu Anita atoke hospitali, hiki ndicho kitu pekee alichokuwa amekiomba, na macho yake bado yalikuwa yakirudi hapo. Akimbembeleza kidogo angekunywa.

"Hata kijiko kimoja?"

"Hata kimoja, mpenzi."

Wamae alitoka akamwaga chupa zote mbili chooni, na kikombe pia. Akaziosha kwa maji yaliyochemka. Jioni angezungumza na Moffat, polepole, kwa sababu ni jirani mwema na hakuna aliyewahi kumweleza hayo.

Aliporudi, Anita alikuwa bado ameketi, mashavu yamepata rangi.

"Kufundisha kumenichosha," alisema. "Kuna nini huko jikoni?"

"Viazi vyangu vya jana tu. Vimepoa."

"Lete hivyo hivyo. Na chumvi."

Wamae alileta sahani na chumvi. Aliogopa kwamba akimtazama ataacha kula, kwa hivyo akaenda kusimama dirishani, mgongo kwake, akisikiliza kijiko kikigonga sahani, kikinyamaza kidogo, kisha kikigonga tena.