Mkono Juu ya Mota

Kaka yangu alirudi kazini akiwa amenyoa ndevu na kuvaa ovaroli iliyopigwa pasi. Nani anapiga pasi ovaroli? Shemeji ndiye aliyeipiga. Alimsindikiza mpaka mlangoni mwa karakana, akamwacha pale kama anayepeleka mtoto darasa la kwanza, kisha akanivuta pembeni.

"Shemeji, usimbembeleze," akaniambia. "Mpe kazi kama zamani. Huyu mtu akirudi nyumbani akiona hafai tena, mimi nitakuwa nimempoteza."

"Kwani nani kasema hafai?"

"Hakuna. Nakuomba tu."

Kazi yetu ni kusuka mota. Mota ikiungua tunaifungua, tunang'oa nyaya za shaba zilizoungua ndani, tunasuka mpya, tunazipaka vanishi, tunazikausha kwenye joto, tunafunga. Kaka ndiye aliyenifundisha nilipoachana na shule. Mtaani wanamwita Daktari, na jina hilo amelipata kwa jinsi anavyopima. Mita tunazo. Kuna ya kujua kama umeme unavuja kwenda kwenye ganda, kuna ya kujua mota inakula umeme kiasi gani, na kipimajoto kipo kabatini. Lakini mita zikishamaliza maneno yao, Kaka huweka kiganja juu ya ganda mota ikiwa inazunguka, anafumba macho, ananyamaza. Halafu anasema "itoke" au "ifunguliwe".

Akishaweka mkono yeye, hakuna anayeweka wa pili. Kuna fundi mmoja tuliyekuwa naye aliwahi kugusa mota nyuma yake. Kaka akamwuliza, "Umekuja kunipima mimi au mota?" Yule bwana hakumaliza wiki.

Kiharusi kilimkuta bafuni. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa unaburuzika. Nilijua kazi imekwisha. Lakini Kaka ni mbishi tangu tumboni. Alikaa sebuleni na bakuli la maharage, anahamisha punje moja moja kwenda bakuli jingine, akimaliza anazirudisha. Alifungua vifungo vya shati na kuvifunga mpaka shati likachoka. Siku alipofunga kamba za viatu mwenyewe, Shemeji alilia, mimi nikajifanya natazama dirishani. Tukasema amepona.

Mota aliyoanza nayo ilikuwa ya Bwana Unga, mwenye mashine ya kusaga. Zamani Bwana Unga alikuwa anatumia mota zenye matundu, vumbi la unga linaingia, linashikana na joto, mota inaungua, anatuletea huku anatukana. Kaka ndiye aliyemwambia anunue iliyofungwa kila upande. Hiyo vumbi haliingii, lakini hata hewa haiingii. Joto lake linatokea kwenye ganda peke yake, na nyuma kuna feni ndogo chini ya kifuniko inayopuliza upepo juu ya ganda hilo. Feni ikikataa, mota inajipika yenyewe kama chungu kilichofunikwa.

Kaka aliisuka vizuri, siwezi kusema uongo. Polepole, lakini vizuri. Ila alikuwa akitazama kila waya, pua imekaribia kugusa shaba. Zamani alikuwa anasuka huku anabishana nami habari za mpira, macho yapo barabarani.

"Siku hizi unasoma waya?" nikamtania.

"Nasoma kwa sababu wewe hujui kusoma," akanijibu, tukacheka wote. Nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu ndiye kaka yangu.

Akaifunga. Feni akaikaza mwenyewe kwa skrubu yake, akarudisha kifuniko. Bwana Unga alipokuja kuchukua mzigo wake, tukaitoa uani. Pale tuna kinu kibovu cha kuipa mota kazi ya kufanya, maana mota isiyo na mzigo haikuambii kitu. Nikapima uvujaji, safi. Nikawasha, nikapima umeme inaokula, sawa. Tukaiacha izunguke, Bwana Unga akaanza hadithi zake za wateja wanaoleta mahindi yenye mawe. Aliongea mpaka nikaona kivuli cha ukuta kimetuhama.

Kaka akasogea. Akaweka kiganja juu ya ganda, akafumba macho.

Uani ukabaki mlio wa mota peke yake. Nilimtazama uso. Ulikuwa umetulia kabisa, kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua usingizini. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyozoea.

"Poa," akasema, mkono bado upo pale. "Hii itoke."

"Daktari kapona!" Bwana Unga akapiga kelele. "Ngoja nami nimshike mgonjwa mkono."

Sikupata nafasi ya kumzuia. Aliweka kiganja chake kando ya cha Kaka, akaruka nyuma.

"Mama yangu! Mnataka kunibanika?"

Alikuwa anapepea vidole na kuvipuliza. Kaka alicheka. Alidhani ni mzaha, maana Bwana Unga ni mtu wa mizaha. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mota.

Mimi sikucheka. Kaka akafumbua macho, akamtazama Bwana Unga, akanitazama mimi, akatazama mkono wake. Akauinua taratibu na kuugeuza. Kiganja kilikuwa chekundu, na chini ya kidole gumba ngozi ilikuwa imeanza kujaa maji.

"Zima," akasema.

Nikazima. Harufu ya vanishi ndiyo kwanza inaanza kutoka.

"Labda ni mimi nina mikono laini," Bwana Unga akasema. "Kushika unga kila siku, unajua tena..."

"Nenda nyumbani, Bwana Unga," Kaka akamwambia, bila hasira. "Utaipata kesho."

Alipoondoka nikafungua kifuniko cha nyuma. Skrubu ya feni ilikuwa imelegea, mhimili unazunguka peke yake na feni imekaa tu. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu, ameniinamia.

"Nilikaza mimi hiyo," akasema.

"Skrubu hulegea."

"Nilikaza mimi. Nilidhani imefika mwisho." Akavuta kiti, akakaa, akafumba macho, akanyoosha mkono ulioungua. "Niwekee kitu."

"Kaka, tukautie maji kwanza."

"Niwekee kitu, nakwambia."

Nikachukua nati kubwa, nikamwekea. Vidole vikafunga vizuri, vikaizungusha. Mkunjo ukamjia katikati ya macho.

"Beringi," akasema.

Miezi yote ile tulikuwa tunatazama kama mkono unatembea. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama unasikia.

"Ndiyo," nikamwambia. "Beringi."

Akafumbua macho. Akaiona nati. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliirudisha mezani mwenyewe, akaisukuma isianguke.

"Sasa na wewe unanidanganya," akasema.

Nikamfunga kitambaa safi chenye maji baridi. Nikamuuliza kama yanamsaidia, halafu nikatamani nijing'ate ulimi. Nikakaza ile skrubu, nikafunga, nikawasha tena. Kaka akabaki kwenye kiti mpaka mota ikapata moto wake wa kawaida.

"Weka mkono," akaniamuru.

Sikuwahi kuweka mkono mbele yake. Nikaweka.

"Ikoje?"

"Ina joto kidogo."

"Kidogo kama nini?"

Nikatafuta neno. Mimi si mtu wa maneno. "Kama kikombe cha chai kilichosahaulika mezani."

Akafikiri. Alitikisa kichwa kukubali, lakini nilimwona anajaribu kukumbuka kikombe hicho kikoje. "Basi itoke," akasema, akaingia ndani kuvua ovaroli. Aliikunja vizuri juu ya benchi.

Nilimsindikiza nyumbani. Njiani alisalimia watu wote, na waliomwuliza habari za kazi aliwaambia nzuri. Alipofika akapitiliza chumbani. Shemeji aliona kitambaa, akaniangalia, akafunga mlango wa jikoni.

"Ameungua," nikasema. "Ule mkono hausikii, Shemeji. Hausikii kitu."

Alikuwa anafuta meza iliyokwisha futwa.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mwezi wa pili baada ya hospitali alitia mkono kwenye maji ya kuoga yaliyoepuliwa jikoni wakati huohuo, akaniambia mbona yamepoa. Tangu siku hiyo nachanganya mimi."

"Na ukamleta kwangu? Kwenye mashine?"

"Ulimwona alivyokuwa anahesabu siku za kurudi?" Sauti yake ilipanda, akaishusha isije ikamfikia Kaka chumbani. "Ulimwona? Mimi ningeanzaje? Nilisema labda kazi yenyewe itauamsha. Ndiyo nilichosema, nicheke sasa."

Sikuwa na sababu ya kumcheka. Nikamwambia Shemeji kwamba Kaka aje tu karakana, kiti chake kipo, atakuwa ananielekeza, wateja watapenda kumwona.

"Kuja kukaa," Shemeji akasema. "Kaka yako huyo huyo?"

Tukasikia kitanda kikilia chumbani. Jua lilikuwa bado juu, na tangu nimjue Kaka hajawahi kulala mchana.

"Sasa niambie, Shemeji," akasema, "kesho asubuhi nikamwamshe aende wapi?"

Nilisimama pale jikoni na mikono yangu miwili mizima.